MWENYEJI NI NANI?
Uhakiki wa istilahi katika mwongozo wa mitandao

Miongozo ya kompyuta iliyofasiriwa kwa Kiswahili imeanza kuwafikia mafundi wa ofisi na walimu wa vyuo vya ufundi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Mmojawapo uliletwa mezani petu ili upitiwe kabla ya kupigwa chapa. Ni kijitabu kinachofundisha namna ya kutafuta kasoro za majina ya mtandao katika kompyuta iliyobeba mashine pepe. Kiswahili chake ni safi, ngeli zimezingatiwa, na mfasiri hakujiburura nyuma ya sentensi za Kiingereza. Hata hivyo, fundi atakayekifuata neno kwa neno ataiharibu mashine iliyokuwa nzima, kwa sababu ya istilahi moja iliyobebeshwa mizigo mitatu.

Kabla ya kuhakiki, yafaa tueleze jambo lenyewe. Kompyuta zilizounganishwa katika mtandao hutambuana kwa namba; binadamu hupendelea majina. Hapo zamani, katika mtandao wa ARPANET wa Marekani, majina yote yaliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa katika Stanford Research Institute, na kila kituo kilijichukulia nakala. Orodha hiyo ilipozidiwa na wingi wa mashine, Paul Mockapetris alitoa mwaka 1983 utaratibu wa kuigawa baina ya seva nyingi. Utaratibu huo, katika sura uliyopewa mwaka 1987, ndio msingi wa ule utumikao hadi leo. Mashine hutaja jina, seva huitajia namba. Kazi hiyo ndiyo mfasiri wetu aliyoiita “utatuzi wa majina”.

Tuanzie hapo. Katika Kiswahili kinachotatuliwa ni tatizo, mgogoro, au uzi uliotatizana. Jina si tatizo. Matokeo yake ni kwamba sura ya tatu ya kijitabu inaitwa “Utatuzi wa Matatizo ya Utatuzi wa Majina”, na msomaji hana njia ya kujua kwamba utatuzi wa kwanza ni kazi ya fundi na wa pili ni kazi ya mashine. Tunapendekeza “ubainishaji wa majina”, kwani anayebainisha huonyesha kitu kinachotajwa ni kipi hasa. Wako wanaopenda “ufasiri wa majina”; sisi twaona kufasiri ni kutoa maana, na namba ya mashine si maana ya jina lake.

Lakini hilo ni dogo. Neno linalotutia wasiwasi ni “mwenyeji”, lililotumiwa kila mahali palipoandikwa host katika kitabu cha asili. Neno hilo la Kiingereza lina matumizi mawili yaliyokua mbalimbali. Katika maelezo ya mtandao, kila mashine yenye anwani yake huitwa hivyo, iwe kubwa au ndogo. Katika maelezo ya mashine pepe, huitwa hivyo ile kompyuta halisi tu inayozibeba nyingine, nazo zilizobebwa huitwa wageni. Kwa matumizi haya ya pili, jozi ya mwenyeji na mgeni ni bora kupita hata ile ya Kiingereza. Mgeni hula cha mwenyeji, na kwa kawaida hutoka nje kwa kupitia mlango wa mwenyeji. Ndivyo hasa zilivyo mashine hizi, na mwalimu anayelifundisha somo kwa Kiswahili hana haja ya kulieleza mara mbili.

Balaa huja pale neno linapotumiwa kwa maana ya kwanza ndani ya kitabu hicho hicho. Twasoma: “Ingia katika mgeni, kisha sahihisha jina la mwenyeji.” Jina la nani? Mwandishi wa asili alikusudia jina la mgeni mwenyewe. Fundi mtiifu atakwenda kubadili jina la kompyuta kubwa, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Baya zaidi ni “mwenyeji wa ndani”, ambalo mfasiri amelitumia kwa localhost. Anwani zote zinazoanzia na 127 hazitoki nje ya mashine. Anayeziita anajiita mwenyewe. Sasa, katika kompyuta nyingi zitumiazo Linux, Ubuntu ikiwa miongoni mwao, imo programu ndogo inayopokea maswali ya majina kwenye anwani 127.0.0.53 na kuyapeleka kwa seva za nje. Anwani hiyo huonekana katika faili la resolv.conf la kompyuta mwenyeji. Kijitabu chasema: “Mgeni aelekezwe kwa mwenyeji wa ndani.” Fundi atatazama faili la mwenyeji, atakuta 127.0.0.53, ataichukua na kuiandika ndani ya mgeni. Kuanzia hapo mgeni atakuwa anajiuliza mwenyewe, na kama hana programu ile ndani yake, hatajibiwa kamwe.

Anwani iliyotakiwa ni ile ambayo mwenyeji huonekana kwayo machoni pa mgeni. Katika mtandao wa kawaida wa libvirt ni 192.168.122.1, ambako programu ya dnsmasq husubiri maswali. QEMU, itumiapo mtandao wake wa ndani, humpa mgeni seva ya majina kwenye 10.0.2.3. Mara nyingi mgeni hupewa anwani hizi mwenyewe anapowashwa, na lililo jema ni kutozigusa.

Kwa hiyo tunashauri “mwenyeji” libakie kwa mashine inayobeba wageni, na hapo tu. Kwingineko paandikwe “jina la mashine”. Na badala ya “mwenyeji wa ndani” paandikwe “mashine yenyewe”. Wenzetu watasema kwamba haya ni maelezo wala si istilahi. Na iwe hivyo! Kuhusu “pepe”, tuna shaka nalo, maana limekwisha kutumika kwa maana ya umeme katika “barua pepe”, na kwa kipimo hicho kila kompyuta ni mashine pepe. Lakini mafundi wamelizoea, na katika kijitabu hiki halimpotezi mtu.

Jambo jingine lililo zito ni ujumbe wa makosa. Kitabu cha asili kinatofautisha hali mbili: seva haikujibu, na seva imejibu kwamba jina hilo halipo. Mfasiri ameziandika zote “Jina halikupatikana”. Kimya na “hapana” si jibu moja, hata kwa mtu aliyetuma posa! Seva iliyosema “halipo” imefanya kazi yake, na fundi atazame herufi za jina au amuulize aliyelisajili. (Naye asishangae jina jipya likiendelea kukanushwa kwa muda, kwa kuwa seva hulikumbuka jibu la “hapana” kama ilikumbukavyo namba.) Seva iliponyamaza, njia ni nyingine kabisa. Fundi aite kwanza mashine ya nje kwa namba yake, akiwa ndani ya mgeni. Namba ikiitika na jina lisiitike, barabara ni nzima na kasoro iko katika ubainishaji. Kisha aulize jina lile lile akiwa kwa mwenyeji. Mwenyeji akijibiwa na mgeni asijibiwe, kosa liko baina yao wawili: ama anwani ya seva ni ile ya 127 tuliyoitaja, ama ngome ya mwenyeji imeufunga mlango wa 53 upitishao maswali hayo. Kijitabu kimeandika “ukuta wa moto”, na mwanafunzi ataona ukuta unaowaka, “ngome” yatosha.

Tunapendekeza basi “Seva ya majina haijajibu” kwa hali ya kwanza, na “Jina hili halipo” kwa hali ya pili.

Kijitabu kimerudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo haya. Tumeomba pia kwamba sura ya tatu, ikishasahihishwa, isomwe kwa sauti mbele ya fundi asiyejua kitabu cha asili, akiwa na mwenyeji mmoja na mgeni mmoja, naye atende kila analosikia bila kuuliza.