Pongezi kwa Mpanga Kazi wa Karakana

Ukipeleka gari karakana ya wakala saa mbili asubuhi, utamwona mpokeaji na labda fundi. Anayeamua gari litoke leo au kesho humwoni: ni mpanga kazi, mwenye ubao wa majina ya mafundi na saa zao.

Kubadilisha oili na filta humpa kijana anayejifunza. Taa ya injini inayowaka na kuzima ni ya fundi umeme mkongwe. Giaboksi haishushwi mpaka stoo iseme spea zipo, kwa sababu gari lililofunguliwa nusu hukalia lifti, na fundi akabaki mikono mitupu. Wala mpanga kazi hajazi siku yote, maana kazi huweza kukua. Breki zilizoletwa kwa kelele tu zikifunguliwa huenda diski nazo zimekwisha.

Wapo wanaomtwika fundi bingwa kila gari, gumu na jepesi, eti ana mkono mwepesi. Uvivu huo! Mpanga kazi hodari humtoa bingwa dakika chache akamwangalizie kijana alama za mkanda wa taimingi kabla injini haijawashwa, kisha humrudisha kwenye kazi yake. Mteja akipiga simu saa tisa, jibu lipo.