Ramani Kongwe na Sikio la Pwani

Ramani ni matini. Ina watunzi, ina wanukuzi, ina pambizo. Na anayeihamisha kutoka karatasini hadi kwenye kioo cha kompyuta ni mhariri, apende asipende. Kwa kipimo hicho nazisoma nakala za kidijitali za ramani kongwe za nyanda za Njombe na Makambako, zilizomo katika maktaba za ng'ambo.

Karatasi za Wajerumani, za kipimo cha 1:300,000, zilianza kutolewa Berlin katika miaka ya 1890 chini ya Richard Kiepert. Wakaziendeleza Paul Sprigade na Max Moisel. Sentimita moja ni kilomita tatu. Hazikutokana na picha za angani kama zile za 1:50,000 zilizokuja baadaye. Zilitungwa kwa kuunganisha madaftari ya wasafiri, njia kwa njia. Pasipopita msafiri pakabaki peupe.

Tazama majina, msomaji. Ubena, Uhehe, Usangu: hiyo U- ya nchi ni yetu. Wenyeji hujiita Vabena, lakini Mzungu aliwasikia kwa sikio la wapagazi na wakalimani wasemao Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Unguja au Lamu aishikapo karatasi ya Njombe anasoma tafsiri iliyopitia nyumbani kwake. Mto wa Njombe hadi leo huandikwa Ruhudji, kwa "dj" ile ile iliyowahi kuandika Udjidji. Ujiji umeshalivua vazi hilo. Ruhudji ungali nalo, hata katika nyaraka za mradi wa umeme.

Hapo ndipo nakala nyingi zinaponiudhi. Picha ya skani si herufi. Tafuta Ruhuji, hupati. Tafuta Ruhudji, hupati vilevile, mpaka mtu aketi ayanakili majina moja moja, kama walivyoketi wanukuzi wa tenzi zetu za hati ya Kiarabu. Kazi hiyo imerukwa, ikakimbiliwa ile ya kukuza: picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, nawe ukasogea karibu bila kungoja. Raha yake siikatai. Usiku mzima huweza kuishia humo.

Baya zaidi ni kukata pambizo. Ili karatasi ziungane na kulala juu ya picha ya setilaiti, kingo hutupwa na karatasi hupindwa ifuate vipimo vya leo. Makambako, njia panda ya kwendea Songea na kituo cha reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 hadi 1975, huchungulia chini ya karatasi isiyoijua reli hiyo. Linapendeza. Ila jina la mchoraji, mwaka na ufunguo wa alama vimekwenda na mkasi, na kosa la mtunzi limenyooshwa kimyakimya, mithili ya mhariri atiaye mizani shairi la mwenzake asiseme.

Nakala ninazozisifu hutoa zote mbili: karatasi nzima na makunyanzi yake, kisha iliyonyooshwa. Baada ya hapo wanatakiwa mzee wa Kibena na msomaji wa hati za kale kwenye meza moja, walipitie jina kwa jina.