Crown au Corolla 110: Kukagua Saluni kwenye Pwani ya Chumvi

Corolla 110, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1995, na Crown Athlete ya toleo la 2008 ni saluni za kampuni moja, lakini hazikaguliwi kwa jicho moja. Ya kwanza huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake ya 5A ina cc 1,500. Ya pili ina V6 ya cc 2,500 na gia sita za otomatiki. Kilwa Masoko, kama Lindi mjini, wanunuzi wengi hutazama namba ya usajili kwanza: namba E huheshimiwa, namba B hubezwa. Heshima hiyo ni ya bure. Namba husema gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini, sembuse lilitunzwaje.

Mjuzi huanzia chini. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo hula bati pale unyevu unapotuama: kwenye mikunjo ya madigadi, kingo za chini za milango, na chini ya zulia la buti, ambalo ni lazima lifunuliwe. Sehemu yenye rangi mpya igongwe kwa kidole. Bati hulia, pati hutoa mlio mfu. Crown iliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, huweza kushuka bandarini iking'aa huku chini imeshaanza kuliwa.

Kutu ya bati huonekana, ya nyaya hujificha. Crown ina sensa nyingi, na soketi zake zikiota ukijani, fundi wa kawaida hana pa kuanzia bila mashine ya kupimia. Swichi ikifunguliwa, taa zote za tahadhari ziwake, kisha zizime injini ikinguruma. Taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko isiyozima: huenda imechomolewa makusudi.

Injini iwashwe ikiwa baridi. V6 ya Crown hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli na hushika kaboni. Mtetemo gari likiwa limesimama ndiyo dalili. Kwa 5A ya Corolla, swali kubwa ni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

Kwenye lami ya kutoka Daraja la Mkapa hadi Nangurukuru, Corolla haioni ndani kwa utulivu wa Crown. Kwenye michepuko, kama ya Somanga mvua zilipokata barabara Mei 2024, au njia za vumbi za kuelekea Liwale, bushi nyingi za Crown huwa mzigo. Ijaribiwe polepole kwenye mashimo, redio imezimwa, vioo vimeshushwa, maana ukimya wa ndani huficha miguu iliyochoka. Corolla yenye sakafu nzima ni chaguo bora kuliko Crown yenye buti lililolowa.

Mwisho, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati ilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imeliwa na kutu, gari lirudi kwa mwenyewe.