Boti ya Woodley: kila kilo ina kiti chake

Mtaa wa Woodley, Nairobi, hauna bahari wala ziwa. Maji yaliyo karibu ni Bwawa la Nairobi, ng'ambo ya Kibera. Zamani watu walipiga matanga pale siku za mapumziko, lakini leo magugumaji na taka vimelifunika. Ndiyo maana boti iliyolala kifudifudi katika uwanja wa jirani yangu, karibu na Barabara ya Joseph Kang'ethe, iligeuka kibanda. Kuku walitaga chini yake, na mayai yalikuwa mengi kuliko samaki wote iliowahi kubeba.

Mwaka huu jirani aliamua irudi majini, na maji yenyewe yawe Ziwa Naivasha. Nilimsaidia tangu siku ya kwanza ya msasa hadi jaribio la pili ziwani. Hapa nachambua tulichofanya, kwa sababu tulikosea mahali ambapo wengi wanaoboresha boti ndogo hukosea: tulihesabu kilichoongezwa, hatukuhesabu kilipokaa.

Boti yenyewe ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 1.4. Ni ya plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi, chini bapa, umbo ambalo Wamarekani hulipenda kwa kuvua na kuwinda bata kwenye vinamasi. Kingo zake zilikuwa bado na kulabu za kulazia bunduki. Sisi hatukuwa na nia ya kuwinda, kwa hiyo kulabu ndizo zilizotoka kwanza. Tulitaka boti ya kubeba watu watatu, nyavu na sanduku la barafu, itoke alfajiri na kurudi kabla ya upepo wa alasiri ambao Naivasha inajulikana kwa huo.

Hesabu kabla ya nyundo

Boti ni mizani. Eneo lake linalogusa maji ni kama mita za mraba 4.5, na hapo sentimita moja ya kuzama ni sawa na kilo 45. Watu watatu ni kama kilo 225. Injini 38, tangi la petroli la lita 25 kama 20, betri 15, barafu na nyavu 40. Jumla kilo 338. Boti ingezama sentimita saba na nusu zaidi ya ilivyokaa tupu. Tulifurahi, maana ukingo uliobaki juu ya maji ulitosha.

Ila hesabu hiyo ni kweli tu kama mzigo umetandazwa sawasawa kama ugali kwenye sinia. Hilo tulilisahau, na ziwa lilikuja kutukumbusha.

Tezi iliyooza

Watu wa pwani huita sehemu ya nyuma ya chombo tezi, na ya mbele omo. Katika boti ya injini, ubao wa tezi hubeba uzito wa mashine na pia msukumo wake wote. Fundi tuliyemwita aliupiga kwa nyundo ndogo kutoka kushoto kwenda kulia. Ko, ko, ko, kisha bwe. Alikata ngozi ya faibaglasi pale, na plaiwudi ya ndani ikatoka kwa vidole kama mkate uliolowekwa kwenye chai.

Sababu ilikuwa matundu manne ya skrubu. Aliyefunga injini ya kwanza alitoboa, akakaza nati, akaenda zake. Maji yalipita kando ya skrubu miaka yote hiyo na kunywewa na mbao. Dawa yake ni rahisi. Ukitaka tundu la milimita 10, toboa kwanza la milimita 16, lijaze epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, iache ikauke kabisa, kisha toboa la milimita 10 katikati. Skrubu sasa inapita ndani ya ukuta wa epoksi, na maji hayaioni mbao.

Fundi huyu hakuwa fundi wa boti. Kazi yake ni kuunda bampa na mabodi ya matatu, na Nairobi hiyo ndiyo shule ya faibaglasi. Seremala tulimtoa kwa watengeneza fanicha wa kando ya Ngong Road. Mikono ya kujenga boti ipo mjini, imetawanyika tu. Tofauti ni kwamba bampa la matatu likipasuka, gari linaendelea na safari. Tena rezini ya poliesta, ile ya mabodi, haishiki mbao vizuri kama epoksi. Ikabidi tukubaliane: epoksi kila inapogusana na mbao, mazoea ya gereji yabaki gereji.

Baridi ya Julai nayo ilitupa somo. Asubuhi moja rezini ilikataa kukauka. Fundi, akiwa na haraka, akaongeza hadina, ile dawa ya kuikausha. Mchanganyiko ukachemka ndani ya kopo, ukatoa moshi na kupasuka kama kioo. "Mzee, nimezoea ile ya magari, hii ina vipimo vyake," alimwambia jirani. Ni kweli. Katika epoksi hadina ni nusu ya kemia yenyewe: ikizidi au ikipungua, gundi haikamiliki. Dawa ya baridi ni joto, kwa hiyo makopo yalianza kusubiri juani.

Kukata au kuongeza?

Injini ndogo huja na miguu ya aina mbili. Mfupi hufaa tezi yenye kimo cha sentimita 38, mrefu sentimita 51. Tezi yetu ilikuwa 44, haikufaa wowote. Bamba lililo juu ya rafadha linatakiwa kukaa sawa na chini ya boti au chini kidogo tu. Likikaa juu sana, rafadha huvuta hewa na injini hulia bila kusukuma. Likizama sana, linakuwa breki.

Ziwa Victoria lina historia ya jambo hili. Mtumbwi wa sese ulichongoka pande zote mbili, kwa ajili ya kasia. Injini zilipokuja, mafundi walianza kuukata nyuma uwe bapa ili mashine ipate pa kukaa. Injini ilibadilisha umbo la chombo, na ndivyo inavyopaswa.

Sisi tungeweza kukata tezi ifike 38. Ni kazi ya saa moja, lakini ingeshusha ukingo hasa pale wimbi linapopandia. Tuliongeza sentimita sita ili ifike 50, tukatafuta injini ya mguu mrefu, ya mtumba, nguvu farasi 15. Kukata ni rahisi, kuongeza ni salama.

Farasi watatu waliobaki barabarani

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na chaja ya hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Yaani ya farasi 15 inabaki na kama 12. Anayenunua kwa namba iliyoandikwa kwenye kifuniko atadhani ameuziwa mbovu. Tulibadilisha jeti ya kabureta ili petroli ipungue kulingana na hewa, na tukachagua rafadha yenye mkunjo mdogo kwa inchi moja, kama dereva anayepanda mlima kwa gia ndogo.

Mitungi ya kuelea

Boti ikijaa maji isizame: huo ndio uboreshaji usioonekana na wenye thamani kuliko wote. Wengi hununua povu jeupe la kufungia televisheni. Povu hilo huyeyushwa na petroli, na rezini ya poliesta nayo hulitafuna. Tulitumia mitungi sita ya lita 20, vifuniko vimezibwa, imefungwa juu chini ya kingo na pande zote mbili za injini. Kila mmoja unainua karibu kilo 19. Ingewekwa sakafuni, boti iliyojaa maji ingepinduka tumbo juu.

Ziwa latoa hukumu

Siku ya jaribio injini, betri, tangi na sisi wawili tulikuwa wote nyuma. Omo ilitazama mawingu. Jirani alipopunguza mwendo ghafla, wimbi letu wenyewe lilitufikia kwa nyuma na kupanda tezi. Nilifua maji kwa upo wa mtungi uliokatwa, huku yeye akirudi ufukweni polepole.

Tulihamisha tangi na betri mita mbili mbele. Kilo 35 mara mita 2 ni 70. Kisha tukaunga bomba la plastiki kwenye mkono wa usukani ili dereva akae sentimita 70 mbele. Kilo 80 mara 0.7 ni 56. Kipande cha bomba kilifanya karibu kazi ile ile ya kuhamisha tangi na betri! Waya wa betri tuliufanya mnene zaidi, kwani safari yake sasa ni ndefu. Jaribio la pili boti ilikaa kama meza.

Hatari iliyobaki haitoki kwenye boti. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, mikonge ya mipaka, nyua na migunga vilizama kando kando, na mti uliokufa chini ya maji hauonyeshi kichwa. Karibu na ufuko tunapiga kasia. Na kabla ya samaki wa kwanza kuna makaratasi: ukaguzi wa usalama wa chombo, na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016.

Baada ya jaribio hilo, mzigo wote ukiwa ndani, jirani alipiga mstari mwekundu ubavuni, omo na tezi, pale maji yalipofika. Juzi rafiki alikuja na jokofu dogo la bia. Jirani hakubishana naye. Alimwonyesha mstari, akamwuliza: "Kaka, hii unataka ikae wapi?"