Ufundi wa Kutafuta Ubovu

Katika mambo yote yanayoweza kuharibika kwenye gari, kruzi ndiyo inayodharauliwa kuliko yote Moshi. Ni kile kitufe cha usukani kinacholifanya gari lishike mwendo uliouchagua bila wewe kukanyaga mafuta. Wengi wanaona haina kazi huku: kupanda Marangu ni kona tupu, kushuka Kibosho kuna bodaboda na watoto wa shule, na barabara kuu yenyewe ina matuta na vijiji vya kilomita 50 kwa saa. Kwa barabara za mlimani hoja hiyo naikubali yote. Lakini ukishavuka Himo kuelekea Mwanga na Same, nchi inafunguka, mguu unachoka, na mwendo hupanda dereva asijue. Tena kuna jambo kubwa zaidi. Kruzi imetengenezwa igome kila inapotilia shaka kitu kingine, na kitu kinachotiliwa shaka sana ni breki. Anayetafuta kwa nini imegoma, hata kama haitumii kamwe, anakagua kile kitakachomwokoa kwenye mteremko. Ndiyo maana nausifu ufundi huu, na nasema unastahili kufanyiwa nyumbani.

Mtafutaji mzuri huanza kwa kuuliza kama ubovu upo kweli. Kruzi nyingi hazishiki chini ya kilomita kama 40 kwa saa, kwa hiyo ikikataa kwenye kona za Kibosho imefanya ilivyoagizwa. Zile za kizamani hucheza na mafuta tu, breki haziziwezi. Ukiteremka kutoka Marangu kwenda Himo gari litapita mwendo uliouweka hata kama kila kitu ni kizima. Magari mapya yanayopima umbali wa gari la mbele yana rada, mara nyingi nyuma ya nembo, na udongo mwekundu wa masika ukiganda hapo kruzi inajizima mpaka pafutwe. Na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, magari mengi huifunga kruzi makusudi. Kitabu cha gari kinaeleza haya, ila gari likitoka Japani, kitabu nacho huwa cha Kijapani, na mwenye gari hubaki na macho na akili yake.

Baada ya hapo ni zamu ya breki. Mmoja akae kwenye usukani akanyage, mwingine asimame nyuma atazame taa. Katika magari mengi ya zamani waya wa kruzi unapitia kwenye globu za breki zenyewe. Globu zikiungua, kruzi nayo inakufa. Taa zikiwa nzima, inama uangalie juu ya kanyagio la breki. Pale kuna swichi ndogo ya plastiki yenye kichwa kinachobonyezwa na mkono wa kanyagio. Mara nyingi ndani yake mna njia mbili zinazopishana: kanyagio likiwa juu, njia ya taa imekatika na ya kruzi imeunga, ukikanyaga, zinabadilishana. Hivyo taa zinaweza kuwaka vizuri kabisa na kruzi bado ikagoma, kwa kuwa upande mmoja wa swichi umekufa na wa pili mzima. Mita ya umeme ya bei nafuu inalionyesha hilo mara moja. Umeme usipofika kabisa kwenye swichi, fuata waya kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye fyuzi. Wachaga wameifanya kazi ya namna hii kwa vizazi kwenye mifongo, mifereji yao ya maji: maji yasipofika kihambani, mtu hupanda akiufuata mfereji mpaka anapoyakuta, na hapo anajua ukingo umebomoka kati ya alipo na alikotoka.

Atasema mtu kwamba mafundi wamejaa mjini na swichi ya mtumba haina bei. Mafundi umeme wa Moshi nawaheshimu sana. Ila fundi anayelipwa kwa spea aliyofunga, muda wa kufikiri ukihesabiwa bure, atabadilisha kabla ya kupima. Na lawama kubwa ni ya mteja anayefika na neno moja, kruzi mbovu, akitaka gari jioni. Wala kupima si kazi ya kubahatisha. Aliyebuni kruzi, Ralph Teetor wa Indiana, Marekani, alipofuka akiwa na miaka mitano. Alikuwa na sifa ya kusawazisha rota za mitambo ya meli kwa vidole vyake, akapata hataza ya kruzi mwaka 1950, na Chrysler ikaifunga kwenye magari yake ya 1958. Kifaa hiki kimetoka kwenye mikono iliyozoea kuuliza chuma kabla ya kukihukumu.

Pingamizi lenye nguvu ni la usalama, nami nalikubali. Vitufe vya kruzi vinakaa usukani mmoja na mfuko wa hewa unaolipuka wakati wa ajali, na viungio vyake vya njano haviguswi nyumbani. Swichi ya breki nayo ikirudishwa vibaya, taa zinaweza zisiwake, kwa hiyo kila jaribio liishe kwa mtu kusimama tena nyuma ya gari. Yaliyobaki yapelekwe kwa fundi yakiwa yameandikwa: taa za breki zinawaka, fyuzi nzima, umeme unafika kwenye swichi, njia ya kruzi haiungi. Akisoma hayo anaanza pale mwenye gari alipoishia, na hana sababu ya kumuuzia sensa wala kompyuta.