Jeni za Kinga Haziwashwi Kama Taa

Mwombe mwanafunzi yeyote wa baiolojia akueleze mwili unavyojibu bakteria, atakuchorea mshale. Bakteria anagusa kipokezi kwenye utando wa seli, ujumbe unapita ndani, protini iitwayo NF-kB inaingia kwenye kiini, jeni za kinga "zinawashwa". Basi, mchoro umeisha. Mimi mwenyewe nimeuchora ubaoni mara nyingi, na darasa likatikisa vichwa kukubali. Leo nataka kuulalamikia.

Sio kwamba ni uongo. NF-kB, ambayo Ranjan Sen na David Baltimore waliieleza mwaka 1986, kweli hukaa nje ya kiini ikiwa imeshikwa na protini nyingine, IkB-alfa. Ujumbe ukifika, IkB-alfa hutiwa alama na kuvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. NF-kB ikiachiwa huingia kiini, hushika DNA, na jeni kama ile ya TNF huanza kusomwa. Hapo ndipo inflamesheni inapoanza: joto, wekundu, uvimbe, maumivu.

Lakini hebu jiulize: ukichomwa na mwiba, mbona kidole hakibaki kimevimba mwaka mzima? Mchoro wetu hauna jibu. Una kuwasha tu, hauna kuzima.

Jibu ni tamu kuliko mchoro wenyewe. Kati ya jeni za kwanza ambazo NF-kB inaziamsha, mojawapo ni jeni ya IkB-alfa. Yaani mfungwa akishaachiwa, kazi yake ya mwanzo ni kumwajiri upya askari jela! IkB-alfa mpya inaingia kiini, inaishika NF-kB na kuitoa nje. Kama ujumbe bado upo, inavunjwa tena, na mzunguko unaanza upya. Mwaka 2004 watafiti waliifuatilia NF-kB kwa darubini, seli moja moja, ikiwa imeunganishwa na protini inayong'aa. Ilikuwa ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, kila baada ya dakika kama 100.

Na muda una maana. Alexander Hoffmann na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba kuna jeni zinazoitikia hata seli ikiguswa na TNF kwa muda mfupi tu, na nyingine haziamki mpaka ujumbe udumu. Kwa hiyo seli haiulizi tu "kuna hatari?" Inauliza pia "imekaa muda gani?" Swichi ya ukutani haijui swali hilo.

Utasema ninachambua maneno tu, mfano ni mfano. Sawa, lakini angalia panya waliozaliwa bila IkB-alfa. Hawakuwa na kinga "kali" ya kujivunia. Walikufa siku chache tu baada ya kuzaliwa, miili yao ikiwa na inflamesheni kali. Breki sio pambo la gari.

Ndiyo maana matangazo ya "ongeza kinga yako" yananikera, yale yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila mafua yakianza. Yamejengwa juu ya mchoro wetu uleule: kinga ni taa, na taa ikiwaka zaidi ni bora zaidi. Hatuwezi kuwacheka wauzaji wakati ubaoni tunafundisha nusu ya habari.

Kumbuka pia deksamethasoni. Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilionyesha kwamba dawa hii ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Miongoni mwa kazi zake ni kuibana NF-kB, yaani iliwaokoa kwa kutuliza kinga. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, haikuonyesha faida. Kwa mtu anayeamini taa, habari hiyo haieleweki kabisa.

Siku hizi darasani natumia pasi ya umeme. Ile taa yake ndogo inawaka, inazimika, inawaka tena, kadiri joto linavyopanda na kushuka. Nao mfano huu una kasoro, maana pasi haijitengenezei kidhibiti chake kipya kila ikipata moto. Ila wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Na hicho kidhibiti kikiharibika?" Kwa ule mshale, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.