Mche safi si mche sugu

Ukiulizia miche ya migomba ya chupa, yaani ile ya tishu, hutakosa kuambiwa kwamba haina magonjwa. Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayomgharimu mkulima.

Tuanze na ukweli wake. Wataalamu huchukua kiini cha chipukizi, hukisafisha kwa dawa kama jiki, kisha hukiweka kwenye chupa yenye sukari, madini na homoni. Kinachipua, kinagawanywa, kinachipua tena, hadi unapata miche mingi mno kutoka mgomba mmoja. Fukusi, minyoo ya mizizi na kuvu wa udongoni wanabaki nje. Ukilinganisha na chipukizi la kung'oa kwa jirani, hapo chupa imeshinda, hakuna ubishi.

Lakini kirusi je? Chenyewe kinaishi ndani ya seli, na jiki haikifikii. Kama mgomba mama unacho, chupa inaweza kuzalisha mche na kirusi kwa pamoja. Sasa piga hesabu: jirani atakugawia machipukizi matano yenye ugonjwa, lakini maabara isiyopima inaweza kusambaza maelfu. Na virusi hivi tunavyo. Kile kinachobananisha majani ya mgomba juu kama shada kimeshaharibu mashamba Kongo, Rwanda na Burundi. Kingine, cha michirizi, kina vinasaba vilivyojificha ndani ya DNA ya baadhi ya migomba, na kule kukuzwa kwenye chupa kwenyewe kunaweza kukiamsha.

Kosa la pili ni kuchanganya usafi na usugu. Mche wa chupa ni nakala ya mama yake. Kama ni kisukari, basi ni kisukari kilekile kinachoshambuliwa na mnyauko wa Panama. Ukiupanda kwenye udongo wenye kuvu huyo, usafi wake umeishia hapo.

Hatusemi uiache miche ya chupa. Maabara makini hupima mama kabla ya kuzalisha, na hapo ndipo pesa yako inapopata thamani. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: mgomba mama ulipimwa virusi gani, na majibu yako wapi? Muuzaji akikujibu tu, "Hii ni ya tishu bwana," ujue bado hajakujibu.